Tandale juu ya Jalada

Washairi wa Kiswahili hawatajwi bila ya kwao. Ukisema Muyaka umeisema Mombasa. Ukisema Siti binti Saad, Fumba inakuja wenyewe na Ng'ambo inafuata. Mahali pa kuzaliwa ni sehemu ya jina, na jina ni ahadi kwamba sauti itabeba kitu cha pale ilipotoka.

Katika muziki wa kizazi kipya, aliyeiweka ahadi hiyo waziwazi ni Nasibu Abdul, ajulikanaye kwa lakabu ya Diamond Platnumz. Albamu yake ya tatu, iliyozinduliwa Nairobi mwezi wa Machi 2018, inaitwa A Boy from Tandale, yaani kijana wa Tandale. Alikuwa na umri wa miaka 28, ana lebo yake mwenyewe, na jina lake lilikwisha vuka mipaka ya Afrika Mashariki. Hilo halikuwa jalada la mtu anayeanza. Lilikuwa la mtu aliyefika, akageuka nyuma kutazama njia. Suali ni moja: je, Tandale imo ndani ya nyimbo, au imesalia juu ya jalada?

Tandale ni kata ya Manispaa ya Kinondoni, jirani na Manzese, na sensa ya 2012 iliikuta na watu zaidi ya 50,000. Ni uswahilini khasa: soko la nafaka, nyumba zilizoegemeana, vichochoro ambavyo mgeni huvipotea, na maji yanayoingia majumbani masika yakizidi. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi, pamoja na wakaazi wenyewe, walipita vichochoro hivyo wakichora ramani ya kina na kuiweka wazi katika intaneti. Miaka saba baadaye, jina la mtaa huo lilikuwa likiuzwa duniani kote.

Mitaa ya aina hii haikuwa kimya ikimngoja mtu mmoja aje kuisemea. Ndiyo iliyolea mchiriku, ngoma za Kizaramo zilizooana na kinanda kidogo cha Casio na vipaza sauti vilivyochakaa, zikikesha katika shughuli za mtaani. Jagwa Music, kikundi kilichozaliwa Mwananyamala mwaka 1992, kiliupeleka muziki huo Ulaya kwa albamu ya Bongo Hotheads ya mwaka 2012. Upande wa Temeke, Juma Nature alitoa Nini Chanzo mwaka 2001, mwaka ule ule ambao Professor Jay alitoa Machozi, Jasho na Damu. Hizo zilikuwa zama za kanda, na albamu ilisikilizwa kama diwani: mtu anaianza mwanzo, anaigeuza upande wa pili, na mwisho anajua mtunzi anasimama wapi.

Zama hizo zikapita. Uharamia uliwafilisi watunzi, redio ikataka wimbo mmoja mmoja, na baadaye simu ikataka vivyo hivyo. Nasibu mwenyewe alipenya katikati ya mabadiliko hayo. Albamu zake mbili za mwanzo, Kamwambie ya 2010 na Lala Salama ya 2012, zilijaa kilio cha kijana fukara anayeachwa na mpenzi, na wimbo wake mmoja wa wakati ule ukapewa jina la Mbagala. Kisha Number One, aliourudia na Davido wa Nigeria mwaka 2014, ukamfungulia mlango wa bara zima. Kwa hiyo kutoa albamu nzima mwaka 2018 ulikuwa uamuzi. Mtu aliyekwisha kufanikiwa kwa nyimbo moja moja alitaka asomwe kwa ujumla wake.

Akisomwa hivyo, anaonekana amegawika. Upande mmoja wamo wageni: Ne-Yo katika Marry You, Rick Ross katika Waka, Omarion katika African Beauty, Morgan Heritage katika Hallelujah. Humo Kiswahili kimekuwa mwenyeji mkarimu mno, anayempisha mgeni kitandani akalala yeye ukumbini. Mwishoni mwa Februari 2018, wiki chache tu kabla ya uzinduzi, Hallelujah na Waka zilikuwa miongoni mwa nyimbo zilizozuiwa kurushwa na vituo vya Tanzania kwa hoja ya maadili. Nyimbo zilizotungwa kuvuka mpaka zikafungiwa mlango nyumbani.

Upande wa pili upo Sikomi, na hapo ndipo utu uzima wa albamu ulipo. Kijana wa Kamwambie alimlaumu aliyemwacha. Msemaji wa Sikomi anajilaumu mwenyewe, anayeumizwa na mapenzi na bado akayarudia. Neno moja limebeba hukumu nzima, kwa namna ambayo msikilizaji wa taarabu anaielewa bila ya kufasiriwa. Wala taarabu hiyo haiko mbali naye: mwaka 2015 aliimba Nasema Nawe pamoja na Khadija Kopa, binti wa Unguja, na sauti mbili zile hazikuhitaji mkalimani.

Wako wanaosema kwamba mwimbaji anayetafuta soko la ng'ambo lazima akiweke Kiswahili kando. Historia ya visiwa hivi inasema vyengine. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi santuri, alikuwa mwanamke wa shamba aliyehamia Ng'ambo, mtaa uliotazamwa na wakubwa wa Mji Mkongwe kama Tandale inavyotazamwa na wa Masaki. Alijua kuimba kwa Kiarabu na Kihindi pia. Lakini kilichomfanya asikilizwe pwani nzima, na kinachomfanya akumbukwe hadi leo, ni Kiswahili chake na mambo ya watu wake: kesi, dhulma, na hakimu wa Kijiti. Alivuka bahari kwa lugha ya mtaa wake.

Wazee wa pwani husema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Albamu ya 2018 imekwenda tezi na imekwenda omo. Ngamani imerudi mara chache, na kila iliporudi ilipata uzito. Tandale haihitaji kutajwa kwa Kiingereza ili ijulikane. Inahitaji vichochoro vyake, masika yake na kesha zake ziingie katika beti, kama Ng'ambo ilivyoingia katika santuri za Siti. Jina tayari limesafiri. Wimbo wenyewe wa Tandale bado unadaiwa.