Talos wa Kwanza na Talos wa Pili

Wagiriki wa kale walisimulia habari za jitu la shaba lililoitwa Talos, ambalo kazi yake ilikuwa kukilinda kisiwa cha Krete kwa kukizunguka mara tatu kila siku. Mwilini mwake mlikuwa na mshipa mmoja tu wa maji ya uhai, na mwisho wa mshipa huo, karibu na kifundo cha mguu, ulizibwa kwa msumari. Msumari ulipong'olewa maji yakamwagika, na jitu likafa. Hadithi hiyo ina umri wa zaidi ya miaka elfu mbili, lakini swali lake halijachakaa. Kama kitu cha shaba kinaweza kufa kwa kutokwa damu, mimi na wewe, ambao damu yetu nayo ikimwagika tunakwisha, tunatofautiana nacho kwa lipi?

Swali hilo ndilo walilolichukua Croteam, watengenezaji wa michezo ya kompyuta wa mjini Zagreb, Kroatia, walipotoa The Talos Principle mwezi Desemba 2014. Ajabu ni kwamba watu hawa walikuwa wamejulikana kwa Serious Sam ya mwaka 2001, mchezo ambao ndani yake mtu hupiga risasi mazimwi tangu mwanzo hadi mwisho. Fikra ya mafumbo iliwajia wakiwa katika matayarisho ya Serious Sam nyingine: walibuni chombo cha kuvuruga nguvu za milango, wakaanza kukichezea, wakaona kinaweza kubeba mchezo mzima peke yake. Maneno wakaandikiwa na Tom Jubert na Jonas Kyratzes. Mchezo wa pili ulitoka Novemba 2023, yaani karibu miaka tisa baadaye.

Nimeicheza yote miwili, ule wa kwanza mara mbili. Kazi yangu ya miaka mingi imekuwa kutunza nyaraka, na bila shaka hiyo ndiyo sababu michezo hii imenikaa moyoni kuliko inavyowakaa vijana wanaotafuta mafumbo tu; maana yote miwili, ukiichunguza, inahusu karatasi za marehemu.

Katika ule wa kwanza unaamka peke yako bustanini, miongoni mwa magofu ya kale. Sauti kutoka juu inajiita Elohim, neno la Kiebrania lenye maana ya Mungu, na inakuambia kuwa ndiyo iliyokuumba, na kwamba unaweza kwenda popote ila usithubutu kuupanda mnara. Humo mna mafumbo zaidi ya 120. Unapewa visanduku, mapanka ya upepo, vyombo vya kuelekeza miale ya leza, kisha unaachwa ujitafutie njia ya kulifikia lile pande la rangi lililofungiwa nyuma ya milango. Hapa na pale pamewekwa kompyuta za kizamani, na ndani yake mna Milton, msaidizi wa maktaba, ambaye anataka umweleze kwa nini unajihesabu kuwa mtu. Ukimjibu anakukumbusha ulichosema mara iliyopita na kukuonyesha kuwa kauli zako zinagongana. Jina lake ni la yule mshairi Mwingereza aliyetoa Paradise Lost mwaka 1667, basi msomaji atakuwa amekwisha kumtambua nyoka wa bustani hiyo.

Polepole unafahamu ukweli. Wanadamu wamekwisha kufa wote kwa virusi vya kale vilivyotoka katika ardhi iliyokuwa imeganda kwa barafu, ikayeyuka kwa joto la dunia. Mwanasayansi mmoja, Alexandra Drennan, alijua kuwa hatapona, wala mwenzake yeyote hatapona, na siku zake za mwisho alizitumia kuandaa programu ambayo ingezaa akili mpya na kuijaribu. Mtihani wenyewe una sehemu mbili: akili hiyo iweze kufumbua mafumbo, kisha iweze kukataa kutii. Anayemtii Elohim hurudishwa mwanzo, na mwingine huanza baada yake. Anayepanda mnara ndiye anayefaulu.

Hapa ndipo ninapoona ukubwa wa kazi ile ya kwanza. Uasi ule hauhubiriwi kwa maneno tu, mikono yako inafunzwa. Kuna nyota zilizofichwa ambazo huzipati mpaka upitishe mwale juu ya ukuta, kutoka ua wa fumbo moja hadi ua wa jingine, jambo ambalo kwa saa nyingi ulikuwa umeamini haliruhusiwi. Hakuna aliyekukataza. Ulijikataza mwenyewe kwa kuona kuta. Siku nilipopata nyota ya namna hiyo kwa mara ya kwanza nilisimama, nikatembea chumbani, maana nilijua kwamba mnara ule sasa nitaupanda.

Mchezo wa pili unaanza pale wa kwanza ulipokwishia, lakini baada ya karne nyingi. Aliyepanda mnara, ambaye sasa anaitwa Athena, aliamka katika dunia ya kweli akiwa na mwili wa roboti, akatengeneza wenzake, wakajenga mji wa New Jerusalem. Wewe unazaliwa ukiwa raia wa 1000, na jina lako ni 1K. Siku ya kuzaliwa kwako ni sikukuu, kwa kuwa waliweka nadhiri kwamba mji ukifika watu 1000 hautaongezeka tena. Athena mwenyewe ametoweka. Sherehe inavurugika linapotokea umbo la Prometheus, nawe unaondoka na msafara wa akina Byron, Alcatraz, Melville na Yaqut hadi kisiwa chenye jengo kubwa kupita kiasi, lililozungukwa na maeneo 12 ya mafumbo.

Kwa ufundi wa mafumbo wa pili una vyombo vipya vizuri sana: cha kutoboa ukuta kwa muda, cha kukugeuzia uvutano ukatembea ukutani, cha kuchanganya rangi za miale. Kila eneo linakufundisha chombo kimoja taratibu, na ukikwama unaweza kutumia cheche ya Prometheus kuliruka fumbo. Ni ukarimu huo. Hata hivyo mafumbo yamekuwa adabu nzuri tu ya safari, hayasemezani na hoja. Hoja imehamia vinywani mwa wasafiri, nao ni waungwana mno. Milton alikuwa akinidhalilisha, Byron ananitia moyo, na miye nilimhitaji Milton.

Lakini nikisema kwamba wa kwanza ni kazi bora zaidi, na nasema hivyo, sijamaliza. Wa pili umegusa jambo ambalo wa kwanza haukuweza kuligusa, kwa kuwa mtu aliye peke yake hana warithi. Wale raia 1000 wanayo maktaba ya wanadamu waliokufa. Wamesoma habari za vita, njaa, na joto lililowaua, wakaogopa. Drennan aliwaachia sauti zake kama mbegu, na wao katika urithi ule ule wakaona onyo tu, wakajifunga kwa hesabu isiyozidi 1000. Nimeliona jambo hilo kazini. Mzee mmoja alikuja kwetu kutafuta muhtasari wa kikao cha ukoo cha mwaka 1958. Tulipoupata hakuusoma wote, alitaka mstari mmoja wa kuwanyamazishia vijana waliotaka kuligawa shamba. Mistari iliyofuata ilisema kikao kitakaa tena. Nilimwonyesha. Akaomba nakala ya ukurasa wa kwanza tu.

Kisiwani unakuja kujua kwamba Athena aligundua nguvu kubwa kupita zote, na kwamba Miranda, binti aliyelelewa naye, alifia humo humo katika utafiti ule. Ndiyo maana akajitenga. Kwangu hilo lina uzito kuliko mijadala yote ya msafara: yule aliyewahi kukaidi mungu wake mwenyewe ameshindwa na msiba wa mtoto, na mji mzima umeugeuza ukimya wake kuwa sheria bila kumwuliza.

Mwishoni wanakutaka useme: nguvu ile itumike, au iachwe. Mnara wa kwanza niliupanda bila kusita. Hapa nilizima kompyuta, nikaja kuiwasha tena siku ya tatu. Nilichagua itumike. Mpwa wangu, aliyenifundisha kushika vidude vya kuchezea, alichagua iachwe, na tunapokutana tunaanzia pale tulipoishia, yeye akimtaja Miranda, mimi nikimtaja Drennan.