Mzazi aliyefiwa hufarijiwa na mwenzake aliyefiwa

WAHENGA walinena kuwa kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Methali hiyo yamhusu sana mzazi aliyemzika mwanawe. Siku za matanga majirani humiminika kwake, huchanga fedha, hupika na kukesha. Matanga yakishaanuliwa, kila mmoja hurejea katika shughuli zake, naye mzazi huachwa na sare ya shule isiyo na mwenyewe na maswali yasiyo na jibu.

Ni katika kipindi hicho, majuma na miezi baada ya mazishi, ambapo makundi ya wazazi waliofiwa huwa na manufaa makubwa zaidi.

Chimbuko lake

Kundi linalofahamika zaidi duniani lilianzia katika mji wa Coventry, Uingereza. Mwaka wa 1968 wavulana wawili wa familia za Lawley na Henderson walifariki katika hospitali moja, siku chache tu zikiwatenganisha. Mmoja alikuwa amepata ajali barabarani, na mwingine aliugua saratani.

Kasisi wa hospitali hiyo, Simon Stephens, aliyekuwa bado kijana, ndiye aliyewahudumia wazazi hao. Aligundua kwamba walipokutana na kuzungumza wenyewe kwa wenyewe, walipeana faraja ambayo yeye, licha ya mafunzo yake, hakuweza kuwapa. Januari 1969 wazazi hao, pamoja na kasisi huyo, wakaasisi shirika la The Compassionate Friends. Mwaka wa 1972 tawi la kwanza nchini Marekani lilianzishwa katika jimbo la Florida.

Tangu 1997 shirika hilo limekuwa na desturi ya kuwasha mishumaa Jumapili ya pili ya Desemba, saa moja jioni kwa saa za kila nchi. Kwa kuwa jioni haiingii kila mahali kwa wakati mmoja, mwanga huo huizunguka dunia kwa muda wa siku nzima.

Jinsi yanavyoendeshwa

Makundi ya aina hii kwa kawaida hukutana mara moja kwa mwezi, bila ada wala sharti la dini. Mwelekezi huwa mzazi ambaye msiba wake una miaka kadhaa. Hamna anayelazimishwa kusema. Mgeni aweza kuketi, kusikiliza na kulia tu. Anayosikia yeyote humo hayatolewi nje.

Anayefika akidhani kuwa anapoteza akili, kwa sababu bado anamwandalia marehemu sahani, hukuta mwenzake aliyepitia hayo. Baba aliyeambiwa ajikaze kiume hupata mahali pa kutoa chozi. Zaidi ya yote, jina la mtoto hutajwa bila woga, ilhali nyumbani jamaa hulikwepa wakidhani wanamhurumia mzazi.

Zamani wataalamu wengi waliamini kuwa mfiwa hapoi mpaka akate uhusiano na marehemu. Msomi wa Marekani, Dennis Klass, ambaye kwa miaka mingi aliketi na wazazi wa The Compassionate Friends, aliona kinyume. Mwaka wa 1996, akiwa na Phyllis Silverman na Steven Nickman, alihariri kitabu kiitwacho Continuing Bonds, kinachoeleza kwamba wengi hupata nafuu kwa kuudumisha uhusiano huo kwa njia mpya wala si kwa kumsahau waliyempoteza.

Hali nchini Kenya

Katika jamii zetu nyingi, mtoto aliyezaliwa mfu au aliyeaga akiwa mchanga huzikwa kimyakimya, bila matanga, na mama huambiwa atapata mwingine. Ili kuvunja kimya hicho, Wanjiru Kihusa, ambaye mwenyewe alipoteza mimba, alianzisha shirika la Still A Mum mwaka wa 2015. Shirika hilo hutoa ushauri nasaha na kuwakutanisha wazazi waliopoteza mimba au watoto wachanga.

Yapo pia majonzi ya wengi kwa pamoja. Moto wa Kyanguli, Machakos, mwaka wa 2001 uliwaua wanafunzi 67, na ule wa Hillside Endarasha, Nyeri, mwaka wa 2024 ukawaua wavulana 21. Katika mkasa wa Endarasha, wazazi walilazimika kungoja matokeo ya DNA kabla ya kuzika. Misiba ya aina hii huvuta viongozi na kamera kwa siku chache. Wazazi wanaoendelea kukutana baada ya hapo huwa na mtu wa kumwendea kila mwaka tarehe ile inaporudi.

La kuzingatia

Kundi si badala ya daktari. Mzazi anayetamani kujiua, anayeshindwa kula au kulala kwa muda mrefu, au aliyezama katika pombe, apelekwe hospitalini bila kukawia. Aidha, aliyefiwa juzi asikabidhiwe mzigo wa kuwaongoza wengine.

Wazazi wachache tu wanatosha kuanza, kama ilivyokuwa Coventry. Kanisa, msikiti, chama cha akina mama au zahanati yaweza kuwapa chumba. Nasi tusiofikwa na msiba huo tunaweza kumtembelea mzazi mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili, tumtaje mtoto wake kwa jina, kisha tumsikilize.