Mufuko wa kukimbia: namna ya kuutayarisha na franga kidogo

Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, siku ya posho magaribi, volkano ya Nyiragongo ilipasuka bila onyo. Watu wa Goma na wa teritware ya Nyiragongo walitoka na kile mukono ulishika: huyu na godoro, yule na televizyo. Tarehe 27 asubuhi, viongozi wakaomba kartie kumi za muji zihame. Barabara ya Sake ikajaa, bandari ikajaa, na mpaka wa Rwanda vilevile. Katika mvurugo ule, watoto wengi walipotezana na wazazi.

Miaka miwili nyuma, mwezi wa tano 2023, mafuriko yaliua watu zaidi ya 400 kule Kalehe, hasa Bushushu na Nyamukubi.

Wengi wanasema: «Sisi tunakula ya leo kwa leo, feza ya kujitayarisha itatoka wapi?» Ulizo hilo ni la kweli. Lakini vitu vya kwanza havinunuliwi.

Mupatane nyumbani

Chagueni mahali pawili pa kukutania: pa karibu, kama vile kwenye masomo ao kanisa, na pa mbali, kwa ndugu anayeishi nje ya muji. Mugawane kazi: nani anabeba mutoto mudogo, nani anashika mukono wa muzee.

Mutoto ajue kwa kichwa majina ya baba na mama, avenue yao na namba moja ya telefone. Kwa yule hajajua kusema vizuri, andika vyote kwenye kipande cha kitambaa na ukishone ndani ya nguo yake.

Makaratasi

Nyumba inaweza kujengwa tena, lakini bila karatasi ya kiwanja, kuonyesha kama ni yako ni vita ingine. Weka pamoja kadi ya uchaguzi, karatasi za kuzaliwa za watoto, za masomo, za kiwanja na fishi za hospitali. Funga vizuri ndani ya sashe mbili za plastiki. Piga kila karatasi picha na uitume kwa ndugu wa mbali. Telefone pia inaweza kupotea.

Kununua pole pole

Kila juma kitu kimoja: sabuni, kisha kiberiti na tochi, kisha chumvi na sukari, kisha karanga ao biskwi. Mwenye kunywa dawa kila siku aweke akiba ndani ya mufuko.

Kwa maji, bidoni ya litre 20 ibaki nyumbani, imejaa kila wakati. Ya kukimbia nayo ni ya litre 5, sababu litre 20 ni kilo 20, na mgongoni kuna mutoto.

Likelemba inasaidia pia. Wamama kumi wakitoa franga 1000 kila juma, mumoja anapata 10 000: bidoni na sabuni zinapatikana bila deni. Kwenye AVEC, kasha ya kusaidiana inaweza kufanya kazi ileile.

Maji mabaya yanafuata

Mwaka wa 2021, lava iliharibu mifereji ya maji, na watu wengi wakarudilia kuchota ziwani. Hapo ndipo kolera inangojea. Chemsha maji mpaka yatokote kwa nguvu, kisha yafunike.

Mutu akianza kuhara, tia ndani ya litre 1 ya maji safi vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote bila kurundika. Anywe kidogo kidogo, huku munamupeleka kwenye kituo cha afya. Kinywaji hiki kinamulinda njiani, lakini hakichukui nafasi ya muganga.

Leo magaribi, mbele ya kulala, uliza watoto wako: «Tukipotezana, tutakutana wapi?» Kama kila mumoja anajibu yake, kazi ianzie hapo.