Riziki ya Mpiga Ala

Sisi wa Kidahwe twaijua njia ya misafara iliyotoka pwani hata Ujiji. Huko Unguja walikuwako watu walioishi kwa kupiga ala barazani. Husimuliwa kwamba Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alimpeleka Mohamed bin Ibrahim Misri akajifunze kanuni. Riziki ya fundi huyo ilikuwa mkononi mwa Sultani. Kisha Siti binti Saad wa Fumba, aliyekuwa akiuza vyungu, alikwenda Bombay mwaka 1928, sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri. Riziki ikapata mlango wa pili, yaani mnunuzi wa santuri. Basi tukumbuke: kupiga ala ni kazi, na mwenye kazi halipwi sifa tupu.