Kutoka Manamba hadi TPAWU: Historia Fupi ya Chama cha Wafanyakazi wa Mashamba

Kwenye karatasi, chama cha wafanyakazi wa mashamba na kilimo, TPAWU, kilizaliwa mwaka 1995, na umri wake huhesabiwa kuanzia hapo. Kwa watu wa bonde la Luengera, kuanzia Korogwe kupitia Kwashemshi na Magoma hadi Mashewa, hesabu hiyo ina kasoro. Chama cha wakata mkonge kilikuwepo kabla ya Uhuru. Kilikuwa na nguvu, na kilivunjwa na serikali ambayo chenyewe kilisaidia kuileta.

Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Katika miche elfu moja iliyosafirishwa kutoka Florida, 62 tu ndiyo iliyonusurika, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Zao lilishika ardhi upesi kuliko lilivyopata watu. Wasambaa, Wazigua na Wabondei walikuwa na mashamba yao ya mahindi na mihogo, hawakuona sababu ya kumkatia mgeni mkonge. Basi vibarua wakatafutwa mbali: Songea, Njombe, Kigoma, Ruanda-Urundi, hata Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuandikisha watu, SILABU. Kila aliyeandikishwa alipewa namba, na hao ndio manamba.

Manamba aliishi kwa kipande. Kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi ambazo alitakiwa kuzimaliza ndani ya siku 42, na siku haikuandikwa kwa kuwa tu ameamka akaenda shambani. Alipewa ngwe yake. Alikata majani, akapunguza miiba ya ncha, akafunga vitita vya majani thelathini thelathini, akavipanga kando ya reli ndogo ya kwenda korona, mashine ya kuchakata majani. Maji ya mkonge yanawasha, na mwiba wake ukiingia jichoni haucheki na mtu. Nyapara akija akasema vitita vimepungua, au majani ni mafupi, siku ile ilikuwa imepotea. Ugomvi mwingi wa mashambani ulianzia hapo, kwenye ngwe, kabla ya kufika kwenye mshahara.

Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, liliundwa mwaka 1955, Rashidi Mfaume Kawawa akiwa katibu mkuu. Kuwaingiza wakata mkonge kulikuwa kazi ngumu kuliko kuwaingiza makuli wa bandari ya Tanga, ambao walikwisha kugoma tangu miaka ya 1930. Kambi ilikuwa mali ya mwenye shamba, na njia ya kuingia ilikuwa yake. Mtu aliyejulikana kuwa wa chama aliweza kuzuiliwa getini. Hata hivyo, mwishoni mwa miaka ya 1950 chama cha wafanyakazi wa mkonge na mashamba kilikuwa kimesambaa Tanga nzima chini ya uongozi wa Victor Mkello. Shamba la Mazinde, si mbali na Korogwe, liligoma kwa wiki kadhaa. Migomo ilikuja kwa mfululizo, na Tanganyika ilipokaribia Uhuru hapakuwa na sekta iliyowatia waajiri wasiwasi kama mkonge, wenye wafanyakazi zaidi ya laki moja.

Hapa ndipo historia inapokuwa chungu, na sioni sababu ya kuipaka asali. Uhuru ulipatikana Desemba 1961. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha sheria zilizofanya mgomo halali kuwa jambo la nadra, na migogoro ikapelekwa kwenye usuluhishi wa lazima. Michael Kamaliza, aliyekuwa rais wa TFL, alikuwa sasa waziri mwenye dhamana ya kazi. Serikali iliwapa wafanyakazi mambo ya maana: kima cha chini cha mshahara, kiinua mgongo, baadaye mfuko wa akiba. Lakini mambo hayo yalishuka kutoka juu, na aliyetaka kuyadai kutoka chini alionekana mkorofi. Januari 1963, baada ya migomo ya mashamba ya mkonge, Mkello na mwenzake Shehe Amiri walihamishiwa Sumbawanga kwa amri ya serikali. Kutoka Tanga kwenda Sumbawanga ni kuvuka nchi nzima.

Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito waliasi. Uasi ulipozimwa, viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi walikamatwa, na mwezi Februari sheria ilivunja TFL na vyama vyake vyote na kuanzisha chama kimoja, NUTA. Katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais, naye alikuwa Kamaliza yuleyule, bado waziri. Mtu mmoja akawa anakaa pande mbili za meza.

Mkata mkonge wa Magoma au wa Kabuku, upande wa Handeni, aliona tofauti siku ya mshahara. Ada ilikatwa moja kwa moja, na chama hakikuwa tena na haja ya kumfuata kambini kumshawishi. Mwaka 1967 mashamba mengi yalitaifishwa, mwajiri akawa serikali. Mwongozo wa TANU wa 1971 uliwapa wafanyakazi lugha ya kukemea ubabe wa mameneja, wakaitumia viwandani kwa bidii kuliko ilivyotarajiwa, hadi walipoambiwa inatosha. CCM ilipozaliwa mwaka 1977, NUTA ikageuzwa JUWATA, mojawapo ya jumuiya za chama tawala.

Nchini Zambia, vyama vya wafanyakazi ndivyo vilivyouangusha utawala wa chama kimoja: Frederick Chiluba alitoka kwenye uenyekiti wa shirikisho lao akawa rais mwaka 1991. Kwetu hapakuwa na dikteta wa kuangushwa wala siku ya kushangilia. Mfumo ulijilegeza wenyewe, kwa sheria baada ya sheria. JUWATA ilikwenda, ikaja OTTU mwaka 1991. Mwaka uliofuata vyama vingi vya siasa viliruhusiwa, na 1995 OTTU ikagawanyika katika vyama vya kisekta. Ndipo watu wa mashambani walipopata tena chama chao, TPAWU. Sheria mpya ya vyama vya wafanyakazi ilipitishwa 1998 na kuanza kutumika mwaka 2000, kisha likaja shirikisho la TUCTA.

Uhuru huo wa vyama ulikuja mkonge ukiwa taabani. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 230,000, ya kwanza duniani. Kamba za plastiki ziliua bei, mashamba ya umma yakadhoofika, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 30,000. TPAWU ilirithi jina kubwa na kambi zilizobomoka paa, huku wazee wakiwa wamekaa wakisubiri mafao. Mwaka 1998 mashamba ya Hale, Magoma, Magunga, Mwelya na Ngombezi yaliuzwa kwa kampuni ya Katani.

Silaha za chama leo zimo katika sheria mbili za kazi za mwaka 2004. Chama chenye wanachama zaidi ya nusu ya wafanyakazi hutambuliwa na mwajiri na kusaini naye mkataba wa hali bora. Asiye mwanachama anaweza kukatwa ada ya uwakala. Mgogoro hupelekwa kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na mgomo unaruhusiwa baada ya hatua zake kukamilika, kura kupigwa na notisi ya saa 48 kutolewa. Ni mlolongo mrefu kwa kibarua wa msimu, lakini Mkello hakuwa nao.

Ugumu wa sasa ni mwingine. Sheria hizo ziliandikwa zikimfikiria mwajiri mwenye ofisi na orodha ya mishahara. Katika bonde hili sehemu ya mkonge sasa inalimwa na wakulima wadogo waliopewa vipande vya shamba na kuungana katika vyama vya ushirika, AMCOS, na wao ndio wanaoajiri wakataji, wawili hapa, watano pale, kwa malipo ya kazi iliyokamilika. Kima cha chini cha kilimo kilichoanza Januari 2023 kilikuwa shilingi 140,000 kwa mwezi, lakini kuna mkataji asiye na mwezi wa kuhesabiwa, ana vitita tu. Katibu wa tawi akitaka kumtetea hana geti la kusimama. Itabidi aende kwenye mkutano wa AMCOS, na kule mwajiri atakayemkuta ni jirani wa mkataji, pengine shemeji yake, aliyekuwa akikata naye mkonge katika shamba lilelile.