Miti Ni ya Nani?

Jina langu limo kwenye daftari lililoandikwa kabla sijazaliwa. Aliyeandikwa si mimi, ni shosho. Kwetu Murang'a binti wa kwanza hubeba jina la mama ya babake, kwa hivyo mimi na Cucu tunaitana jina moja na kila mara tunacheka. Lakini siku niliyoliona kwenye ile karatasi, limeandikwa kwa kalamu ya biki, herufi zimeinama kama watu wanaopanda mlima, sikucheka.

Ni daftari la kawaida la shule, lile la jedwali la kuzidisha nyuma. Ndani kuna safu nne: jina, miche iliyopandwa, miche iliyoshika, pesa. Kwenye kurasa za mwanzo, mahali pa sahihi, Cucu ameweka alama ya kidole gumba. Kufika katikati, kidole kinapotea na jina linatokea. Hapo ndipo shosho yangu alijifunza kuandika. Si shuleni, ni kwenye hesabu ya miti.

Lilitolewa sandukuni Desemba iliyopita kwa sababu ya ugomvi. Baba mdogo alikuja nyumbani na mnunuzi wa mbao. Wakazunguka mpaka wa shamba na mkebe wa rangi nyekundu, wakitia alama kwenye mikima, ile miti mirefu ambayo wengi huiita grevilea. Walihesabu 74. Baba mdogo si mtu mbaya. Ana binti chuoni na karo haingoji. Aliposikia Cucu anauliza kinachoendelea, alijibu bila hasira:

"Mami, hii shamba ni ya baba."

Cucu akamwangalia kidogo. "Shamba ni la babako. Sijakataa. Na miti?"

Hakuna aliyejibu. Swali hilo nililipanda nalo matatu hadi Nairobi, na nimekuwa nikilisomea tangu siku hiyo. Nilidhani natafuta historia ya miti. Kumbe nilikuwa natafuta historia ya mikono.

Tuanze na wakati ambapo mikono hiyo ilikataa kazi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya kikoloni iliona udongo wa milima yetu unabebwa na maji. Hilo lilikuwa kweli. Ambalo haikupenda kusema ni kwamba watu walikuwa wamebanwa kwenye vipande vidogo vya ardhi huku mashamba makubwa yakiwa mikononi mwa walowezi. Dawa iliyotolewa ilikuwa matuta, na matuta yalichimbwa kwa kazi ya lazima. Machifu walihesabu watu. Na kwa kuwa wanaume wengi walikuwa wamekwenda kutafuta mshahara mjini na kwenye mashamba ya walowezi, waliobaki na jembe walikuwa wanawake.

Mwaka 1947 mkutano mkubwa wa kisiasa huko Fort Hall, kama Murang'a ilivyoitwa wakati huo, uliamua kwamba wanawake waache kuchimba matuta. Mwaka uliofuata, wanawake wapatao 2,500 waliteremka hadi makao ya wilaya. Hawakubeba silaha. Waliimba na kucheza, kisha wakawaambia wakubwa kwamba hawachimbi tena, kwa sababu kazi za nyumbani zinawatosha. Mama yake Cucu alikuwa hapo. Anachokumbuka Cucu ni kwamba mama yake alirudi jioni ile miguu imejaa vumbi lakini anatembea kama mtu aliyetoka arusini.

Nataka tukae na picha hiyo kidogo, kwa sababu ni rahisi kuisoma vibaya. Afisa angeweza kusema: unaona, hawa hawajui faida ya udongo. Lakini hao ndio waliokuwa wanalima huo udongo kila siku. Walijua kabisa mvua inachukua nini. Walichokataa ni kugeuzwa mikono tu, bila mdomo.

Kisha ikaja Hali ya Hatari. Kuanzia 1954 zaidi ya watu milioni moja wa nchi ya Wagikuyu, Waembu na Wameru walihamishwa kwa nguvu na kufungiwa kwenye vijiji zaidi ya 800. Wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni. Wanawake walichimba mahandaki, walijenga barabara, walichimba yale yale matuta, safari hii chini ya bunduki. Cucu alikuwa na miaka kama kumi. Anasema mama yake alikuwa anafundisha watoto kulala mapema ili njaa isiwakute macho.

Na wakati huo huo, mpango wa Swynnerton wa 1954 ulikuwa unaendelea. Vipande vya ardhi vilikusanywa, vikapimwa, vikaandikishwa. Hati zikaandikwa jina la mwenye boma, na mwenye boma alikuwa mwanamume. Zamani mwanamke hakuwa na hati pia, lakini alikuwa na shamba lake la kulima ambalo ukoo mzima ulijua ni la nani kulitumia. Karatasi haikuwa na nafasi ya kuandika hilo. Yaani katika miaka ile ile ambayo wanawake walichimba zaidi, ndipo majina yao yalikosa kuandikwa.

Nilipofika hapo kwenye kusoma, ilibidi niweke simu chini.

Lakini wanawake walikuwa na kitu ambacho chifu hakuwapa na hakuweza kuwanyang'anya. Kulikuwa na ngwatio, ambapo mnalima kwako leo, kwangu kesho. Baada ya uhuru ngwatio ilivaa nguo mpya. Miaka ya 1960 na 1970 vikundi vya wanawake vya Mkoa wa Kati vilianza kuchanga pesa ili kila mmoja aezekewe nyumba ya mabati, kwa zamu. Ukiwa kwenye chama cha watu ishirini, ulijua zamu yako itafika kwa sababu wote kumi na tisa wanajua ulivyowalimia. Wale mnaochanga kwa M-Pesa kila mwisho wa mwezi na kugombana kwenye grupu la WhatsApp kuhusu nani hajatuma, hamkuvumbua chochote. Hiyo ni ngwatio yenye chaji.

Basi mtu akitusimulia kwamba Wangari Maathai alikuja akawafundisha wanawake wa kijijini kuungana, mimi nakataa, na nadhani hata yeye angekataa. Alizaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940, akaona hayo mambo kwa macho yake. Alikwenda Marekani, akasoma biolojia, akarudi, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamifu. Aliporudi kijijini akakuta mti mkubwa wa mugumo aliokatazwa na mamake kuokotea kuni umekatwa, na kijito alichochezea utotoni kimekauka. Kwenye Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya akawasikiliza wanawake wa mashambani. Walisema kuni ziko mbali, maji ni machafu, chakula hakitoshi. Jibu lake lilikuwa fupi: tupande miti.

Tarehe 5 Juni 1977 waliandamana kutoka KICC hadi Kamukunji, wakapanda miti saba. Huo ndio mwanzo wa Green Belt Movement. Kisha akamwendea mkuu wa misitu kuomba miche milioni 15, mmoja kwa kila Mkenya wa wakati ule. Mkuu akacheka, akamwambia achukue atakayo bure. Haikuisha hata mwaka, ikabidi ofisi ile ianze kuwatoza, kwa sababu wanawake walikuwa wanaimaliza miche.

Hapo ndipo wanawake walianza vitalu vyao wenyewe. Maafisa wa misitu walikuja kuwafundisha, wakaongea mambo ya vipimo na miteremko mpaka watu wakachoka. Wangari akawaambia watumie akili ile ile wanayotumia kwa mahindi na maharagwe. Wakaokota mbegu za miti ya kwao, wakapanda kwenye mikebe na vyungu vilivyovunjika, wakaangalia ipi inaota. Wakaitwa maafisa wa misitu wasio na diploma.

Na kulikuwa na malipo: senti nne za Marekani kwa kila mche ulioshika. Ni pesa kidogo, ndiyo. Lakini soma tena hilo neno, ulioshika. Kupanda kulikuwa mwanzo tu. Ulilipwa kwa kutunza. Ili ulipwe, lazima mtu aje ahesabu, na akihesabu lazima aandike jina. Nani alipanda? Mingapi? Mingapi iko hai?

Nilipomuuliza Cucu alifanyia nini pesa za kwanza, alisema alinunua sukari na kibiriti, na hakumuomba mtu. Halafu akaongeza, "Chifu alikuwa anatuhesabu. Lakini hakuwahi kuniandika jina."

Kikundi chao kilikuwa na katibu, msichana aliyekuwa amefika darasa la saba. Siku za kulipwa alikuwa anachelewa kumaliza kwa sababu kila aliyetia kidole alitaka kwanza aonyeshwe jina lake liko wapi. Baadaye wakaanza kumwomba awafundishe kuliandika. Cucu alifanyia mazoezi kwenye majivu ya jikoni, kwa kijiti.

Nisiwadanganye kwamba kila kitu kilikuwa kizuri. Mwaka 1989, Wangari alipopinga jumba la orofa 60 lililotakiwa kujengwa Uhuru Park, wabunge walimcheka, wakaliita kundi lake genge la wanawake walioachika. Serikali ikalifukuza shirika kwenye ofisi zake kwa notisi ya saa 24, kazi ikahamia nyumbani kwake. Cucu anasema kule kijijini waume wengine waliwaambia wake zao waachane na "mambo ya yule mama". Kikundi chao kilibaki na wanawake tisa. Guka hakumkataza Cucu, lakini hakumsaidia kubeba maji ya kitalu hata siku moja. Jumba lile halikujengwa. Tuzo ya Nobel ya Amani ikaja 2004, na kufikia wakati huo wanawake wa vikundi hivyo walikuwa wamepanda miti zaidi ya milioni 30. Wangari alifariki Septemba 2011, na hata jeneza lake halikukatiwa mti. Lilisukwa kwa mianzi, gugu-maji na mafunjo.

Sasa turudi chini ya mikima ya Cucu, mbele ya mnunuzi aliyeshika msumeno wa petroli.

Cucu alileta daftari, akaniambia nisome kwa sauti. Nikasoma. Katika miaka ile yote alipanda miche 212. Iliyoshika ni 147. Baba mdogo alikuwa anasikiliza huku ameangalia viatu.

"Sasa iko 74," Cucu akasema. "Mingine ilikwenda wapi?"

Kimya.

"Kumi na miwili ilimpeleka babake huyu Form One. Kumi na mitano ilikupeleka wewe. Mingine ndiyo hayo mapaa ya nyumba unayoyaona. Mimi sijakataa miti isomeshe mtoto. Hiyo ndiyo kazi yake. Lakini nimepanda, nimenyweshea, nimefukuza mbuzi. Uniulize."

Baba mdogo akauliza. Ilimchukua muda, lakini aliuliza. Wakakubaliana miti 12, ile ya juu karibu na barabara. Ile ya mteremko inayoshika udongo, hapana. Mnunuzi alinung'unika kuhusu mafuta ya lori, akakata, akaenda.

Ningependa kuishia hapo, ila ningekuwa nimewanyima nusu ya habari. Guka alifariki miaka kadhaa iliyopita na hati ya shamba bado ina jina lake. Sheria ya Urithi imekuwa ikitumika tangu 1981. Katiba ya 2010 inataka ubaguzi wa kijinsia kwenye ardhi uondolewe. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema mchango wa mtu kwenye ndoa si pesa tu, ni pamoja na kazi za nyumbani na kazi ya shamba. Kazi ya shamba! Mama yake Cucu angeimba tena. Lakini sheria haitembei yenyewe kutoka Nairobi hadi mteremko wetu. Inahitaji mtu wa kwenda kortini, kujaza fomu, kulipa, kurudi tena kwa sababu karatasi moja imekosekana.

Mtu huyo kwa sasa ni mimi. Nimeenda mara mbili. Baba mdogo hajatia sahihi yake ya kukubali. Anasema tusubiri Aprili, tukae kama familia. Labda atatia, labda hatatia. Cucu ana miaka zaidi ya 80 na hana wasiwasi kama mimi. Anasema mkima haukui ukiuvuta.

Mara ya mwisho nilipokuwa nyumbani alinituma nihesabu iliyobaki. Nilizunguka mteremko wote asubuhi, nikiigusa mmoja mmoja ili nisirudie. Niliporudi alikuwa ameshafungua daftari kwenye ukurasa mtupu. Nikachora zile safu nne. Kwenye "iliyoshika" nikaandika 62. Kwenye pesa nikaweka kistari.

"Weka jina," akasema.

Nikamuuliza, langu au lake?

Akachukua kalamu, akaandika mwenyewe, polepole, herufi zikipanda mlima.