Kitabu cha Picha Chini ya Dawati

Nchini Kongo hadithi za picha na darasa vilikutana zamani, tena kwa namna isiyopendeza. Mwaka 1930 gazeti la watoto la Brussels, Le Petit Vingtième, lilianza kuchapa safari ya Tintin katika Kongo. Mchoraji wake, Hergé, hakuwahi kutia mguu nchini humo. Mna ukurasa mmoja ambao mwalimu hawezi kuupita upesi: Tintin anashika nafasi ya mmisionari darasani, na kuwaambia watoto weusi kwamba atawafundisha habari za nchi yao, Ubelgiji. Chapa ya rangi ilipotolewa mwaka 1946, somo hilo liliondolewa, na mahali pake pakawekwa hesabu, kujumlisha mbili na mbili. Chui aingiaye darasani aliachwa palepale. Watoto waliokisoma baadaye hawakujua lolote juu ya mabadiliko hayo, walimpenda chui.

Miaka miwili ya baada ya uhuru ndiyo iliyokilea kizazi chetu. Mwaka 1967 serikali iliweka Mtihani wa Dola, uitwao na wanafunzi wote kwa jina lake la Kifaransa, Examen d'État. Mtihani huo huja mwisho wa sekondari, nao hufanywa kwa Kifaransa. Mbali na insha, maswali mengi huja na majibu yaliyokwisha andikwa, na kazi ya mtahiniwa ni kuchagua moja. Afauluye humwagiwa poda nyeupe kichwani, akashangiliwa mtaa mzima. Mwaka uliofuata, 1968, Freddy Mulongo na Achille Ngoye walianzisha Kinshasa gazeti la hadithi za picha, Jeunes pour Jeunes. Humo alitembea Apolosa, yule polisi, pamoja na Sinatra na wenzao. Kifaransa chake kilichanganyika na Kilingala na msemo wa vijana wa mitaani uitwao Hindoubill.

Sisi wa mashariki tulilipata likiwa kuukuu, mara nyingi bila jalada, na ukurasa wa mwisho umekwisha potea. Tulilikunja ndani ya daftari la historia. Maneno ya Kilingala yalitutatiza, na hapo ndipo mtoto wa askari alipopata heshima kubwa, kwa kuwa lugha ya jeshi ilikuwa Kilingala, naye aliweza kutufasiria ugomvi wa Apolosa. Mwalimu alipolinyang'anya gazeti halikurudi. (Yamkini alilisoma mwenyewe jioni.)

Wazazi walishikilia kwamba magazeti hayo yaliwaangusha watoto mitihanini. Mimi siafiki. Mtahiniwa alihitaji kusoma Kifaransa kwa haraka na kukisia maana ya neno asilolijua kwa yale yaliyolizunguka. Ustadi huo tuliupata kwa kutazama uso wa Apolosa kabla ya kusoma maneno yake. Hasara ilikuwa mahali pengine. Lugha tuliyoamkia nyumbani, tuliyochezea mpira na kugombania, haikuwamo katika mtihani wala katika gazeti. Vitabu vya Kiswahili vilivyotufikia vilikuwa vya sala na vya kuanzia kusoma. Hakuna mwalimu aliyepata kutunyang'anya kitabu cha Kiswahili, kwani hatukuwa nacho cha kuficha.

Kipawa hakikukosekana upande wetu. Barly Baruti, mmoja wa wachoraji wakubwa wa Afrika, alizaliwa Kisangani mwaka 1959. Mwaka 2014, pamoja na mwandishi Christophe Cassiau-Haurie, alitoa Madame Livingstone, hadithi ya vita vya kwanza vya dunia katika ziwa Tanganyika, wakati Wabelgiji walipoitafuta meli ya Wajerumani Graf von Götzen, ile iliyokuja kuitwa Liemba. Ziwa ni la Waswahili pande zote mbili. Kitabu ni cha Kifaransa. Nimekisomea wanafunzi wangu mara kadhaa, nikifasiri kwa kinywa picha baada ya picha, katika vipindi ambavyo ratiba imevitenga kwa maandalizi ya mtihani.